Tuna majina tisa kwenye simu. Tuyarushe mtandaoni?

Shangazi, shikamoo.

Niko mwaka wa tatu chuo kikuu. Chuo chenyewe sikitaji, na nakuomba usikisie hata kama utahisi unakijua. Mimi ni katibu wa klabu ya wasichana. Tulianza kama kikundi cha kuwapokea wa mwaka wa kwanza, kuwaonyesha wapi pa kusajili na wapi chakula ni nafuu, na kuchangishana taulo za kike. Siku moja tulikuwa na kikao kuhusu taa za njia ya kwenda hosteli. Dada mmoja akasimama kuzungumzia giza, akaishia kumzungumzia mhadhiri. Alilia. Kuanzia hapo wengine wakaanza kunifuata mmoja mmoja, chumbani, maktaba, wengine usiku kwa meseji, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa vikao na wanajua naandika.

Sasa nina majina tisa ya watu wanaotajwa kutusumbua kingono. Wahadhiri sita, mtu mmoja wa ofisi ya mitihani, na wanafunzi wawili wa kiume. Yako kwenye simu yangu pamoja na maelezo ya wasichana wenyewe. Hata nikienda kuoga naenda na simu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha rafiki yangu, nimwite Z. Msimamizi wake wa utafiti alimkalia na sura ya tatu muda mrefu, kila akienda ofisini anaambiwa bado. Baadaye zikaanza meseji za saa nne usiku: hiyo kazi inahitaji utulivu, tutafute sehemu tuipitie. Sehemu yenyewe ni gesti, na jina la gesti liko kwenye meseji. Z hakwenda. Muhula huo akapata sapu, yaani kufeli na kutakiwa kurudia mtihani, kwenye somo la mwalimu huyo huyo, yeye ambaye tangu mwaka wa kwanza hajui sapu ikoje. Nyumbani hawajui. Siku hizi chakula hali vizuri, na darasani anakaa nyuma karibu na mlango.

Tulikwenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, tukiwa watatu. Tukaambiwa tulete ushahidi. Tulipouliza ushahidi wa namna gani, tukaambiwa tukumbuke pia jina la chuo, kwamba na sisi vyeti vyetu vitakuwa na jina hilo hilo. Mpaka leo hatujaitwa.

Mwenyekiti wetu amechoka. Anataka orodha yote irushwe X, Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya kila mwaka wa masomo, usiku wa kuamkia mahafali, wakati wageni na waandishi wa habari wanajiandaa kuja. Maneno yameshaandikwa. Nywila ya akaunti ninayo mimi. Nusu ya grupu wananiita mwoga, na mmoja kaandika kwamba nimenunuliwa.

Z alikubali mwanzoni. Juzi usiku akanipigia akasema, "Mimi nitoe." Nikamweleza mwenyekiti. Akajibu kwamba meseji za Z ndizo zenye nguvu, bila hizo orodha haina mashiko, kwa hiyo nimshawishi.

Kuna mengine. Jina moja kati ya tisa sijawahi kuletewa na mtu aliyetendewa. Ni "kila mtu anajua" tu. Huyo ndiye aliyekamata, yaani kufelisha, nusu ya darasa kwenye takwimu, na nahisi hasira nyingine zinatoka huko. Rais wa serikali ya wanafunzi naye anataka suala hili alibebe yeye, na uchaguzi uko karibu. Halafu mpenzi wangu: anasema sisi mafeministi tunajitafutia balaa, mbona wapo wasichana wanaojipeleka wenyewe ili wasidisko, yaani wasiondolewe chuo kwa kufeli? Nilimjibu kwa ukali, lakini swali limebaki kichwani, maana hosteli kwetu yupo mmoja anayesemwa hivyo. Mama naye, nilipomgusia kwenye simu, alisema, "Soma urudi. Hayo hata kazini utayakuta."

La mwisho sijamwambia mtu. Mmoja wa hao tisa huwa anakaa kwenye jopo la utetezi wa tafiti idarani kwetu. Utafiti wangu nautetea muhula huu.

Shangazi, turushe? Na nisiporusha, nina tofauti gani na ile ofisi iliyotuambia tukumbuke jina la chuo?

Katibu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Usirushe. Na usinyamaze. Najua nikisema hivyo nasikika kama mtu anayetaka kuwaridhisha wote, basi nivumilie nieleze, maana kati ya kurusha majina na kufunga mdomo kuna kazi kubwa ambayo klabu yenu bado haijaigusa.

Kwanza Z. Maelezo yake yatoke kwenye ile orodha leo. Mwenyekiti utamtaarifu, hutamwomba ruhusa. Z kasema "mimi nitoe", na sentensi hiyo haihitaji kujadiliwa kwenye kikao wala kupigiwa kura. Kuna mwalimu aliyetaka kumtumia Z kwa haja zake mwenyewe. Ninyi nanyi mkimtumia kwa haja yenu, hata kama yenu ni njema, yeye ataona ametumiwa mara mbili. Na ukienda kumwambia kwamba umemtoa, usiondoke haraka. Muulize anakulaje, analalaje, na kama kuna siku anaona bora asingekuwepo. Muulize kwa maneno hayo hayo. Watu wanaogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampa mtu wazo, kumbe mara nyingi aliyelemewa hupata nafuu akiona kuna aliyethubutu kuuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mwende pamoja hospitali au kwa mshauri nasaha. Siri ya namna hiyo haitunzwi.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Vyuo vyetu vimeshapita kwenye orodha zisizo na mwandishi, na msichana mmoja alifariki.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch. Wazazi wenu waliosoma Mlimani wanaweza kukumbuka. Yalikuwa mabango ya kubandikwa ukutani usiku, yenye maandishi na katuni, na asubuhi kila mtu anasoma lakini hakuna aliyeandika. Yalianza kama dhihaka ya wanafunzi, kuwachokoza wakubwa na kuchekana wao kwa wao. Kadiri miaka ilivyokwenda yakageuka rungu la kuwapigia wasichana: aliyemkataa fulani, aliyevaa hivi, aliyejiona anajua sana darasani. Aliyeandikwa wengine walimkwepa, wakiogopa kuandikwa nao. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiua baada ya muda mrefu wa kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume na kutishiwa Punch. Waliomsumbua hawakuwa wahadhiri, angalia hilo. Walikuwa wenzake. Wale wanafunzi wawili kwenye orodha yako msiwachukulie kama nyongeza.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkichukue. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilikuwa kichanga, kimeanzishwa 1987. Wanawake wale hawakubandika bango lao usiku kulipiza lile la Mzee Punch. Waliandika magazetini, wakadai uchunguzi, wakauliza uongozi wa chuo ulikuwa wapi wakati msichana anasumbuliwa, na hawakuishia kwenye mazishi. Shinikizo la TAMWA na wenzao lilikwenda miaka mpaka Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ile wanayoiita SOSPA. Bango la ukutani hung'olewa asubuhi na mfagizi. Wao walikuwa wanatafuta kitu ambacho mfagizi hakifikii.

Mwenyekiti wenu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna mitandao. Basi mpeleke Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, Aprili 2016. Wanafunzi walikuwa wamelalamika juu ya ubakaji chuoni na kuchoshwa na ofisi kama hiyo yenu. Likatokea kwenye Facebook andiko lenye majina 11 ya wanaume, bila maelezo wala tuhuma, majina tu. Usiku huo huo umati ukaanza kupita bweni hadi bweni ukiwatafuta waliotajwa. Chuo kikakimbilia mahakamani kupata zuio, polisi wakaja na mabomu ya machozi na risasi za mpira, wasichana wakakamatwa. Sitakudanganya kwamba hawakupata kitu. Chuo kiliunda kikosi kazi kuhusu ukatili wa kingono, na nchi nzima ikazungumza. Lakini tazama nani alilipa. Mwaka 2017 wanafunzi wanawake walifukuzwa chuoni maisha, si wanaume wa kwenye orodha. Mmoja wao, Yolanda Dyantyi, alihangaika na kesi mpaka Machi 2022, ndipo Mahakama ya Rufani ikasema shauri lake la nidhamu halikuendeshwa kwa haki na kuagiza lisikilizwe upya. Miaka mitano anapigania kusikilizwa. Sisemi walikosea kukasirika. Nasema mwenye mamlaka alisubiri wakosee hatua moja tu, na alipoipata, mjadala wa ubakaji ukageuka mjadala wa nidhamu ya wasichana.

Kwetu hatua hiyo imeshaandikwa tayari kwenye sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha mtandaoni habari anayojua ni za uongo au za kupotosha kwa nia ya kumchafua mtu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sasa soma Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, kinachomhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, haki au upendeleo: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Umeona? Milioni 5 hizo hizo na miaka 3 hiyo hiyo, ila kwa mwalimu ndiyo dari, na kwa msichana aliyeandika ndiyo sakafu. Ningekuwa na klabu ningeibandika hiyo kwenye kila mlango wa kitivo. Lakini kwa leo ina maana moja: lile jina la "kila mtu anajua" likikutwa kwenye orodha yenu na mwenyewe akathibitisha ni uongo, yeye mmoja anatosha kuwaokoa wale wanane wengine. Litoe. Kukamata nusu ya darasa kwenye takwimu kunaudhi, lakini si kosa la jinai.

Yanabaki manane. Na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na ofisi yenu. Walipowaambia mlete ushahidi walidhani wanawafukuza. Mnao. Meseji ya mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, saa nne usiku, yenye jina la gesti, ni ushahidi ambao wapelelezi wengine wanautafuta mwezi mzima. Tatizo ni kwamba uko kwenye simu yako wewe, mtu wa tatu, umeandikwa kwa maneno yako. Ubadilishe makazi. Kila msichana aandike ya kwake mwenyewe, kwa mkono wake: tarehe, mahali, alichoambiwa kwa maneno aliyoambiwa, nani alikuwepo, kilichofuata kwenye maksi. Asiifute meseji hata moja, hata zile alizojibu kwa upole au kwa kucheka kwa woga; wakili wa upande wa pili atauliza zilikokwenda. Apige picha za skrini, na simu yenyewe asiiuze. Na msikae mezani pamoja kuandika. Wasichana wanne walioandika kila mmoja chumbani kwake wakamtaja mtu mmoja kwa tabia ileile ni jambo zito. Wakiandika pamoja, itasemwa wamefundishana. Ukishawarudishia maelezo yao, wewe baki na daftari lisilo na majina, herufi tu, na nakala iliyo kwenye grupu au kwenye hifadhi ya mtandaoni ifutwe. Nina hakika iko mahali. Orodha kama hizo hazikai kwenye simu moja.

Halafu mzitenganishe kesi, maana si za aina moja. Mhadhiri anayedai ngono ili apitishe sura ya tatu, au mtu wa ofisi ya mitihani anayeitaka ili arekebishe matokeo, hiyo ni rushwa ya ngono, na mlango wake ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Simu yao 113 ni ya bure. Aliyeombwa ndiye wa kupiga au kwenda, na ninyi mnaweza kumsindikiza mpaka mlangoni. Wanazoea kuweka mtego kwenye kesi hizi; msijaribu kuweka wenu. Nimesikia klabu moja ikipanga kumtuma msichana gesti huku wenzake wamejificha na simu, nikashika kichwa. Wale wanafunzi wawili hawana mamlaka ya maksi, kwa hiyo kwao rushwa ya ngono haipo, ila ipo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D kilicholetwa na ile SOSPA: udhalilishaji wa kijinsia kwa maneno au vitendo, kifungo mpaka miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote. Ndiyo, laki mbili, haifiki hata bumu la mwezi, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Hiyo inapelekwa dawati la jinsia polisi, pamoja na kamati ya nidhamu ya chuo. Na kwa kosa hilo msikae nalo muhula mzima mkijadiliana, mapema ni bora. Iwapo kati ya waliokueleza kuna aliyeingiliwa kwa nguvu, hilo si suala la klabu kabisa: hospitali, fomu ya polisi ya PF3, haraka, na mtu mzima anayemwamini awe naye.

Aliyeogopa kote huko, na watakuwepo, haki yake ya kutofanya chochote ibaki palepale. Asiitwe mwoga na mtu yeyote kwenye grupu. Hilo liandike kwenye katiba ya klabu kama mnayo.

Kwa Z kuna mambo mawili yanayoweza kufanyika bila yeye kumshtaki mtu. La kwanza ni rufaa ya matokeo. Kanuni za mitihani za vyuo vingi zinamruhusu mwanafunzi kuomba karatasi ipitiwe upya, kwa ada na ndani ya muda maalumu, na muda huo ukipita umepita. Asome zake leo. La pili ni kuomba kubadilishiwa msimamizi. Barua fupi kwa mratibu wa tafiti: kazi imekaa tangu tarehe fulani bila maoni, naomba msimamizi mwingine ili nimalize kwa wakati. Hilo la sura ya tatu kukaliwa ni kweli, lina tarehe, na linatosha lenyewe. Mengine atayasema akitaka, kwa wakati wake. Akihitaji mwanasheria wa kike asiyemtoza, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia.

Sasa mahafali. Mwenyekiti wenu si mjinga. Amelenga siku sahihi, ila amelenga kitu kisicho sahihi. Siku hiyo mnaweza kupiga kelele kubwa bila kutaja jina la mtu hata mmoja, na kelele hiyo haina kifungu cha kuishtaki. Iulizeni ofisi. Malalamiko mangapi ya udhalilishaji yamepokelewa miaka 3 iliyopita? Mangapi yamefika mwisho? Nani anakaa kwenye kamati, na kuna mwanamke, kuna mwanafunzi, kuna mtu wa nje ya chuo? Dawati la jinsia la chuo liko chumba namba ngapi? Siku hizi vyuo vinatakiwa kuwa nalo, ila mengi yanaishi kwenye kibao cha mlangoni tu. Msichana akitaka kubadilishiwa msimamizi, barua yake inaishia kwa nani, au inarudi mezani kwa yule yule anayemkimbia? Karatasi za mitihani zinasahihishwa kwa namba au kwa majina? Muandike maswali hayo, myasaini kwa majina yenu kamili, mpeleke kwa makamu mkuu wa chuo wiki mbili kabla, nakala wizarani na TAKUKURU. Wasipojibu, siku ya mahafali mnampa mwandishi wa habari barua ambayo haikujibiwa. Chuo kitaishtaki barua ambayo chenyewe hakikuijibu?

Najua kuna mtu atasema maswali ya utaratibu hayana moto. Mwishoni mwa 2018, Rais Magufuli alipokwenda kufungua maktaba mpya Mlimani, Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa pale pale, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Hakumtaja mtu. Nchi nzima ilisimama kusikiliza, na baadaye TAKUKURU ikafanya utafiti juu ya tatizo hilo ikivitazama vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Alichokuwa nacho ni jina lake chini ya maneno yake. Ila msiishie kudai sera kisha mkarudi hosteli kusherehekea. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walikuwa na sera yao ya udhalilishaji wa kijinsia tangu 2006, na bado 2018 ilibidi iundwe kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza udhalilishaji pale pale. Sera bila mtu wa kuifuatilia kila muhula inakuwa faili. Mtu huyo ni klabu yenu, na baada yenu wale wa mwaka wa kwanza mnaowaonyesha pa kusajili.

Rais wa serikali ya wanafunzi asaini barua pamoja na wengine, na mumshukuru. Kipaza sauti asishike. Akishinda uchaguzi akiwa bado anauliza, hapo mtajua alikuwa na nia ya kweli.

Kijana wako ameuliza swali ambalo hata bungeni limefika. Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo kwamba anayetoa ngono naye aadhibiwe pamoja na anayepokea, na mashirika ya wanawake yakalipinga vikali, kwa sababu msichana akijua naye atafungwa, hatakwenda kuripoti kamwe. Mwambie hivi: huyo wa hosteli kwenu, hata kama yasemwayo ni ya kweli, hana funguo za ofisi ya mitihani. Mwalimu ndiye anazo, ndiye analipwa mshahara kuzilinda, na anayo njia rahisi sana ya kumjibu msichana anayejipeleka, ambayo ni kumwambia toka. Isitoshe, kila mwenye kupita kwa mlango huo anampandishia bei Z aliyekataa. Akielewa hayo, mpenzi wako atakufaa. Asipoelewa, una muda mfupi tu umebaki pale chuoni, ufikirie vizuri utautumia na nani.

Mama usibishane naye. Amesema kweli kwamba utayakuta kazini, na kile kifungu cha 25 kinataja ajira na kupandishwa cheo. Pengine yapo aliyoyakuta yeye. Siku mkiwa pamoja jikoni, si kwenye simu, muulize.

Umeniuliza tofauti yako na ile ofisi. Ofisi ile ilitaka wasichana wanyamaze ili chuo kisiumie. Wewe umesita kwa sababu hutaki wasichana waumie. Hao wanaokuita mwoga hawajawahi kuombwa "mimi nitoe" na rafiki yao usiku.

Lililobaki ni lako, na umeliweka mwisho kama vile si kitu. Kukaa mbele ya jopo lenye mtu ambaye maovu yake uliyaandika kwa mkono wako, huku hujui kama anajua, si jambo la kujikaza. Mwandikie mratibu wa tafiti sasa, kabla majina ya jopo hayajabandikwa, umweleze kwamba kama katibu wa klabu umepokea taarifa zinazomhusu mmoja wa walimu wa idara, kwa hiyo kuna mgongano wa maslahi, na unaomba asikae kwenye jopo lako. Taarifa zenyewe usizieleze, na aliyekueleza usimtaje. Akikataa, akatae kwa maandishi, nawe uende ngazi ya juu na karatasi hiyo. Peleka nakala mbili masijala, moja waichukue, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo.